Jina Lako Kamili, Mama

Gauni lilikubali mikono, likakubali mabega, lilipofika kiunoni likagoma. Mwenye gauni alivuta pumzi, akajaribu tena, zipu ikapanda hadi katikati ya mgongo na kukaa hapo kama mgeni aliyenogewa na kiti.

"Niitie baba yako," alimwambia bintiye.

"Baba kajichimbia nyuma ya friji."

Baba alikuwa fundi wa mafriji, na lile lililomficha asubuhi hiyo lilikuwa la mtu aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi bila kusema mwezi gani. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, akaitazama zipu kwa jicho la kazi.

"Hii haitaki nguvu. Inataka mafuta."

"Na mimi?"

"Wewe unataka kutoa pumzi. Toa yote, usibakize."

Alitoa yote. Zipu ikafika juu, binti akapiga makofi.

Tumwite muuguzi, maana ndivyo alivyosomea na ndivyo cheti chake ukutani kilivyosema, ingawa asubuhi ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimwita hivyo. Mtaani alikuwa mama wa binti yake. Kwa mumewe alikuwa "mama watoto", japo mtoto alikuwa mmoja. Kwa mama mkwe alikuwa "we". Tangu mama mkwe apigwe na kiharusi, miaka sita nyuma, alikuwa ameacha wodi yenye vitanda ishirini na kuja kuuguza mgonjwa mmoja sebuleni, kwenye kitanda kilichowekwa mahali palipokuwa na kochi. Kochi lenyewe liliuzwa. Siku hizi watu walikuwa wananunua mafriji mapya badala ya kutengeneza ya zamani, na mwenye nyumba alikuwa ameacha kubisha hodi, alikuwa anagonga.

Kwa hiyo hospitali kuu ilipotangaza kwamba inawarudisha wauguzi walioacha kazi, hapakuwa na mjadala mrefu. Masharti yalikuwa mwezi mmoja wa majaribio, bila mshahara, chini ya jicho la msimamizi wa wodi. Mwisho wa mwezi msimamizi anakufuata mzunguko mmoja wa dawa, kitanda kwa kitanda, kisha anasema ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, unapewa zamu na mshahara. Akisema hapana, leseni inafutwa, na muuguzi asiye na leseni ni mama wa nyumbani mwenye cheti ukutani.

Mama mkwe aliyaona yote haya kutoka kitandani. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yake yalitoka polepole, moja moja, hata watu wakaacha kuyasubiri. Mgeni akimwuliza jambo, mkamwana alijibu kwa niaba yake. Alijibu sawasawa, tena kwa heshima, basi kila mtu akaona hakuna haja ya kumchosha mgonjwa.

"Dawa zake ziko kwenye kikombe," muuguzi alimwambia mumewe mlangoni. "Vidonge viwili baada ya chai. Usisahau."

"Mama yangu mwenyewe, nitasahauje?"

Mama mkwe aliwatazama wote wawili, akageuza uso ukutani.

*

Mlinzi wa getini alimwambia muda wa kuona wagonjwa ni jioni. Alipoeleza kwamba yeye ni muuguzi, mlinzi alilitazama gauni, rangi ya zamani ambayo hospitali ilikuwa imeiacha, akamwomba radhi kwa namna iliyouma kuliko kosa lenyewe.

Msimamizi wa wodi ya kina mama alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini na viatu visivyosikika. Zamani alikuwa mwanafunzi hapohapo, na siku aliyoona kidonda kikifunguliwa kwa mara ya kwanza alizirai mikononi mwa huyuhuyu muuguzi wetu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Muuguzi alimwita "bosi", msimamizi alimwita "dada", na kila mmoja aliona mwenzake amezidisha.

Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Mambo yote yalikuwa yamehamia kwenye kompyuta, na yeye alibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima pasi kama ina moto. Wauguzi vijana walimpa jina, Toleo la Kwanza. Hawakulisema kwa ubaya, na yeye alijifanya kulicheka, lakini alipofika chooni alijitazama kwenye kioo na kujiuliza kama kweli ana sura ya kitabu kilichochanika jalada.

Kilichomwokoa ni mikono. Shuka zake hazikuwa na mkunjo. Alimgeuza mgonjwa mzito bila kumtoa ukelele, maana kazi hiyo hakuwahi kuiacha hata siku moja. Wagonjwa wakaanza kuulizia "yule mama wa mikono laini". Kufikia wiki ya tatu alikuwa anaingia wodini bila kujikuta ameshika pindo la gauni, na vijana walikuwa wanamwita kuwasaidia kutandika. Akaanza kuamini kwamba mambo yatakwenda. Ndipo alipoharibu.

Kulikuwa na wazee wawili waliolala jirani. Bibi wa kitanda cha dirishani alikuwa na kisukari, na jua la asubuhi lilikuwa linamchoma usoni. Jirani yake alikuwa amevunjika nyonga, anasubiri upasuaji, na yeye baridi ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Wakapatana. Wakamwomba mfagiaji na mtu aliyekuja kuwaletea maji, wakabadilishana vitanda kabla toroli la dawa halijapita. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtu, maana kila mmoja alikuwa amepata alichotaka.

Muuguzi alifika dirishani na kikombe cha dawa ya kushusha sukari. Alikuwa amehamishiwa upande ule asubuhi ileile, hakuwajua wale wazee kwa sura.

"Shikamoo mama. Umeamkaje leo? Haya, fungua kinywa."

Bibi akafungua kinywa. Watu wazima wakilazwa hufungua kinywa wakiambiwa, hata wale ambao nyumbani hawaambiwi kitu.

Mkono wa msimamizi ukatua kwenye kifundo cha mkono wa muuguzi, ukakishika.

"Mama," msimamizi alimwambia bibi kwa upole, "hebu nitajie jina lako kamili."

Bibi akalitaja. Halikuwa jina lililoandikwa kwenye kikombe.

Wodi nzima ilikuwa imeona. Vijana waliacha walichokuwa wanafanya. Hapakuwa na aliyecheka wala aliyesema Toleo la Kwanza, na hilo ndilo lililomfanya atamani sakafu ipasuke.

Nje, kwenye korido, msimamizi hakupandisha sauti.

"Dada, yule hajala tangu jana. Anaingia chumba cha upasuaji leo. Ile dawa ingemzimisha."

"Nilisoma namba ya kitanda."

"Kitanda hakimezi dawa. Kwa nini hukumwuliza jina?"

Alitaka kusema amesahau, akaona huo ni uongo. Hakusahau. Swali lilikuja hadi kwenye ulimi likarudi. Kwa miaka sita alikuwa na mgonjwa mmoja, naye alikuwa mama mkwe, na mama mkwe humwulizi jina, wala hulitamki ovyo. Unamwita mama, unampa dawa, basi. Kumkazia macho mtu wa umri ule na kumwambia ataje jina lake kulimjia kama utovu wa adabu.

"Nimezoea kuuguza mtu wangu," alisema. "Niliona aibu."

Msimamizi naye alikuwa na mama.

"Mzunguko wako wa mwisho ni Ijumaa," alisema. "Nitakufuata. Ukiruka mmoja tu, hata kama unamjua, hata kama ni shangazi yako, nasema hapana. Huruma niliyonayo ni ya aliyelala kitandani, dada. Ikibaki ndiyo nitakupa wewe."

*

Nyumbani alimkuta mumewe ameinama na kitambaa, anafuta chai sakafuni.

"Imemwagika?"

"Imetemwa."

Ndipo siri ikatoka. Mama mkwe alikuwa hamezi dawa. Siku ya kwanza alivitema vidonge, fundi akaviponda na kuvikoroga kwenye chai. Mama akaonja uchungu, akatema chai. Fundi akaviponda kwenye uji, mama akatema uji, na sasa alikuwa anakataa hata maji ya mkononi mwa mwanawe. Ilikuwa siku ya tatu.

"Na hukuniambia!"

"Una mtihani. Sikutaka kukutia wasiwasi."

Muuguzi alifunga kipimo cha presha kwenye mkono wa mama mkwe, akaona namba zikipanda na kuendelea kupanda. Alimpa dawa yeye mwenyewe, mkononi mwake mama mkwe alifungua kinywa kama kawaida, lakini macho yalikuwa yametazama pembeni. Kisha akampigia wifi yake simu, amwombe aje kumwangalia mama yake.

"Wifi, mama kakuzoea wewe," sauti ilisema. "Mimi nina watoto."

"Na mimi nina nini, wifi?"

"Wewe unaujua ugonjwa. Halafu salio langu linakwisha, nitakupigia." Aliyepiga alikuwa muuguzi.

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa kuwa viti viwili vilikuwa na nguo.

"Mama hataki uende kazini," alisema. "Huo ni mgomo."

"Amesema hivyo?"

"Atasemaje, mke wangu? Si unamwona?" Alikuna kichwa. "Labda tuliache hili jambo. Mbona tulikuwa tunaishi."

"Tulikuwa tunaishi?" Alimwonyesha ndoo aliyokalia. "Haya, ishi basi. Starehe."

Fundi alikuwa mtu mwema asiye na maneno, na wema wa namna hiyo huchosha siku za shida. Muuguzi aliingia jikoni akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Kosa la wodini lilikuwa bado linamwaka usoni, na sasa hili. Alimchukia mama mkwe. Tuseme ukweli, alimchukia kwa muda wa sufuria mbili nzima, kwa miaka yote sita ya kumwosha na kumgeuza, eti siku moja tu mkamwana anapotaka kutoka nje anafunga mdomo. Sufuria ya tatu ikamkuta anamwonea huruma. Ya nne akajionea huruma mwenyewe, akalia kimya ili binti asisikie. Binti akasikia, akaja kusuuza.

"Usiache, mama," binti alisema akiitazama sufuria. "Ukiwa na gauni lile unatembea vingine."

*

Asubuhi alivaa mapema. Ijumaa ilikuwa kesho, na ulimi wake ulikuwa bado mzito. Aliweka vidonge vya mama mkwe kwenye kikombe kidogo, akakishika mkono wa kushoto, akaenda kusimama kando ya kitanda kama anavyosimama mtu wa zamu. Alikusudia mazoezi tu, kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti.

"Mama," alisema, na masikio yakamwaka moto. "Kabla sijakupa dawa, naomba unitajie jina lako kamili."

Bisibisi ya fundi ilianguka.

"We! Unamwuliza mama jina? Kwani humjui?"

"Namjua. Nyamaza."

Mama mkwe aligeuza uso kutoka ukutani. Alimtazama mkamwana, gauni, kikombe, akarudi kumtazama usoni. Muuguzi alikuwa ameshafungua mdomo amsaidie, kama alivyomsaidia mbele ya wageni wote wa miaka sita, akajikamata. Akafunga mdomo, akangoja.

Jina likaanza kuja. Kwanza lake, alilopewa na wazazi wake, ambalo hakuna aliyekuwa amemwita kwalo tangu awe mama wa mtu. Akapumzika. La baba yake. Akapumzika tena, jasho likamtoka juu ya mdomo, akatoa la tatu, la babu, na hilo fundi mwenyewe hakuwahi kulisikia. Lilitoka limepinda upande mmoja lakini lilikuwa zima.

"Asante, mama," muuguzi alisema.

"Na hiyo," mama mkwe alisema, "dawa... ya nini?"

Hapo muuguzi alishikwa na haya kubwa kuliko ile ya korido ya jana. Mgonjwa wake alikuwa amemeza vidonge vile asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna mtu, daktari wala mkamwana wala mwana, aliyewahi kumwambia ni vya nini.

"Hiki cheupe ni cha presha, mama. Hiki cha njano kinazuia damu isigande, ugonjwa usirudi mara ya pili."

"Kumbe." Mama mkwe aliinua mkono wake mzima, akamwonyesha mwanawe. "Huyu... ananishindilia. Kama gunia."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Haulizi. Hasemi. Anaponda tu." Alipumua. "Nimeumwa mguu na mkono. Sikuumwa... akili."

Fundi aliificha mikono yake yenye mafuta nyuma ya mgongo. Mama mkwe akafungua kiganja cha mkono mzima, akakinyoosha. Muuguzi alikitazama kile kiganja bila kuelewa, kisha akaelewa, akaviweka vidonge pale. Mama mkwe akavipeleka kinywani mwenyewe, akameza, akadai maji.

Muuguzi alikaa ukingoni mwa kitanda, japo gauni lingekunjika. Siku yenyewe ilikuwa ya maswali, akaona aulize na lile lililomnyima usingizi.

"Mama, hutaki niende kazini?"

"Nenda." Upande mmoja wa mdomo ulipanda. "Miaka sita... sura ni hiyohiyo. Hata mimi nataka... kubadilisha."

Binti ndiye aliyeanza kucheka. Fundi akafuata, halafu muuguzi, akacheka hadi zipu ikashuka, na fundi akaenda kuleta mafuta.

Mchana, binti aliporudi kutoka shule, alimkuta baba yake amesimama kando ya kitanda na kikombe cha dawa ya mchana, amenyooka kama anayeimba wimbo wa shule.

"Mama... unaitwa nani?"

"Mjinga we. Nani... alikuzaa?"

"Mama, bwana. Nimeambiwa niulize."

Akalitaja, yote matatu. Fundi akaeleza dawa ni ya nini, akakosea, akasahihishwa na mgonjwa, akarudishiwa kikombe kikiwa kitupu.

*

Ijumaa msimamizi alimfuata nyuma kwa viatu vyake visivyosikika. Muuguzi alisukuma toroli. Kitanda cha kwanza aliuliza na sauti ikakwama katikati, akarudia. Cha pili ikatoka. Mmoja alimwambia, "Si umeniuliza jana? Wewe una usahaulifu," akajibiwa, "Nikusahau wewe? Nataka tu kulisikia kwako." Mmoja alikuwa hawezi kusema, basi akaomba ruhusa ya kumshika mkono, akasoma utepe wa plastiki mara mbili, akalitamka jina taratibu hadi mgonjwa akapepesa macho. Kila mmoja aliambiwa anachomeza ni nini. Mzunguko ulichukua muda. Msimamizi hakuangalia saa.

Dirishani, bibi wa nyonga alikuwa amesharudi kutoka upasuaji, mchovu, mguu umefungwa. Aliliona toroli likisimama.

"Leo utaniuliza?" alisema.

"Leo nitakuuliza, mama. Na unisamehe ya siku ile."

"Ningekwambia mwenyewe, ila niliona umenisalimia vizuri, nikaona haya kukukatiza." Kisha akalitaja jina lake, na kwa furaha ya kuwa hai akaongeza na la mumewe, ambalo halikuhitajika.

Toroli lilipofika mwisho wa wodi, msimamizi alifunga daftari lake. Muuguzi alishika kishikio kwa mikono yote miwili. Alihesabu makosa ambayo hakuyafanya.

"Dada," msimamizi alisema, "unakumbuka uliniambia nini nilipozinduka, siku ile?"

"Kwamba unywe maji?"

"Uliniuliza jina langu. Mimi nimelala sakafuni uliponilaza, wenzangu wote wananicheka, wewe ukaniuliza jina langu kamili. Nilipolitaja nikajua nimerudi." Akatoa mkono. "Jumatatu, zamu ya asubuhi. Na tafadhali, lile gauni lipumzishe, nitakutafutia jipya."

Muuguzi alisema asante bosi, akaenda chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa, akafunga mlango, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alilia akacheka, akanawa uso, akatoka.

*

Walimngoja sebuleni bila hata kujifanya wana kazi nyingine. Alikuwa amepanga kuwachezea kidogo, kuingia amenuna, lakini uso ulimsaliti mlangoni.

"Jumatatu," alisema. "Asubuhi."

Binti alimrukia. Fundi alizunguka sebule nzima, akasimama mbele ya ukuta wa cheti, akakinyoosha japo hakikuwa kimepinda.

"Tutanunua kochi," alisema.

"Tutamlipa mwenye nyumba, afundishwe tena kubisha hodi. Kochi baadaye."

Kilipofika kipindi cha dawa ya jioni, muuguzi hakuvua gauni. Alichukua kikombe, akaenda kusimama kando ya kitanda.

"Mama, jina lako kamili?"

Mama mkwe akalitaja. Safari hii lilitoka haraka kidogo. Muuguzi akamweleza dawa ilikuwa ya nini, akanyoosha kikombe. Lakini kiganja cha mama mkwe hakikufunguka.

"Na wewe?" mama mkwe alisema.

"Mimi nini, mama?"

"Anayenipa dawa. Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mkamwana wako."

Mama mkwe alitikisa kichwa kwa uvivu, kiganja bado kimefungwa. "Kamili."

Muuguzi alijinyoosha. Akataja jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, na majina yale yalimjia kinywani mapya, kama nguo iliyotoka sandukuni. Halafu akaongeza kile ambacho kwa miaka sita hakuna aliyemwita ndani ya nyumba ile, hata yeye mwenyewe.

"Muuguzi," alisema.

Mama mkwe akafungua kiganja.